Kifafa, Moto na Kengele ya Mkononi

Anayeishi na kifafa haogopi ugonjwa peke yake. Huogopa pia mahali atakapoangukia. Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu jiko ni mafiga matatu yaliyopangwa chini, na mtoto mwenye kifafa huota moto pamoja na wenzake. Akishikwa, huenda akaangukia makaa. Ndiyo maana wengi walioishi miaka mingi bila dawa wana makovu usoni na mikononi.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyakuta makovu hayo Mahenge, wilayani Ulanga, mwishoni mwa utawala wa Mwingereza. Aliwaona wagonjwa wa kifafa wengi mno miongoni mwa Wapogoro, na karibu na mwaka 1960 akawaanzishia kliniki. Dawa yake kuu ilikuwa fenobabitoni, ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann aligundua mwaka 1912 kwamba hupunguza kifafa. Ni dawa ya bei nafuu, na wengi walipata nafuu kweli. Lakini palikuwa na jambo ambalo kidonge hakikuliweza. Watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, hivyo aliyeangukia motoni aliweza kuachwa pale huku ndugu zake wakitazama. Hawakuwa watu wakatili. Waliogopa.

Huko Ulaya na Marekani wavumbuzi walishika njia ya umeme. Mwaka 1924, mjini Jena, Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu, akakaa na siri yake hadi 1929 ndipo akaitangaza. Tangu hapo kifafa kiliweza kuonekana kama mawimbi kwenye karatasi. Mwaka 1988, katika jimbo la North Carolina, mgonjwa wa kwanza alitiwa kifuani chombo kidogo cha kuusisimua mshipa wa fahamu unaopita shingoni. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997. Chombo hicho kilikuja na sumaku. Mgonjwa akihisi kifafa kinakuja, au mwenzake akiona kimeanza, huipitisha sumaku juu ya kifua. Mimi naipenda sumaku hiyo kuliko chombo chenyewe, kwa sababu ilimpa aliye karibu kazi ya kufanya badala ya kusimama akishangaa.

Kisha ukaja mkanda wa mkononi, tena kwa bahati. Rosalind Picard, profesa wa chuo cha MIT, alikuwa na mwanafunzi aliyeazima vipimo vya jasho la ngozi ili ajue ni nini kinachomtaabisha mdogo wake mwenye usonji, asiyeweza kusema. Siku moja kipimo cha mkono mmoja kilipanda mno, hata Picard akadhani kimeharibika. Kumbe mtoto alikuwa amepata kifafa muda mfupi baadaye. Kutokana na hilo ulitengenezwa mkanda unaosoma jasho na mtikisiko wa mkono, kisha huipigia simu familia. Marekani iliuidhinisha mwaka 2018. Faida yake kubwa ni usiku, maana kifo cha ghafla cha kifafa mara nyingi humkuta mtu kitandani, peke yake.

Sasa uvishe mkanda huo mkononi mwa kijana wa Ulanga. Unataka simu, chaji na mtandao, navyo siku hizi vyaweza kupatikana. Lakini unataka pia mtu atakayekuja na kumgusa. Wale waliokaa kuzunguka mafiga hawakuhitaji kengele, walimwona akianguka. Mbunifu anayetaka kumsaidia kijana huyu angeanza na jiko la udongo lililoinuliwa hadi kiunoni, lenye kuta pande zote, na kitanda kifupi. Ndipo afike kwenye mkanda. Na ndani ya boksi lake, kabla ya maelezo ya chaji, ningeweka karatasi ya Kiswahili: mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, mfute mate; hayaambukizi.