Kabla hujanunua kompyuta ya kurekodia

Jamani, mshahara wangu umenusurika! Mdogo wangu anataka kurekodi muziki nyumbani, na muuzaji akanikazania kompyuta yenye memori kubwa.

Nikakumbuka Atari 520ST ya mwaka 1985. Memori yake kilobaiti 512 tu, lakini ilikuwa na matundu ya MIDI ya kuchomekea vinanda vya umeme. Wanamuziki wakaichangamkia, na mwaka 1989 Steinberg ya Ujerumani ikaitengenezea Cubase. Wakati huo Cubase iliamuru vinanda tu. Kurekodi sauti kulipokuja, kukaja na kero: unaimba sasa, unajisikia baadaye. Ndipo mwaka 1997 Steinberg wakaleta ASIO kupunguza ucheleweshaji huo.

Basi nimenunua kadi ya sauti yenye ASIO, na maiki. Kompyuta atatumia hii yangu kuukuu, usiku nikishamaliza habari zangu.