Yeye wa Ndani ya Deraya

Mwezi wa Agosti 1986, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Metroid. Shujaa wake, Samus Aran, ni mwindaji wa kulipwa anayeingia peke yake katika sayari ya Zebes, amevaa deraya lililomfunika tangu utosini hata nyayoni. Mwaka uliofuata mchezo ulivuka bahari kwenda Marekani, na katika kijitabu cha maelezo kilichofuatana nao Samus alitajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Hapo ndipo hila ilipojificha. Aliyeumaliza mchezo kwa muda mfupi alioneshwa, katika picha ya mwisho, shujaa aliyevua kofia yake ya chuma: kumbe ni mwanamke.

Msomaji wa Kiswahili atatambua upesi kwamba uwongo ule uliletwa na lugha. Kijapani chaweza kupita sentensi nyingi pasi na kumtaja mtenda. Kiswahili nacho husema alishuka, akapigana, akashinda, na isijulikane kama ni mwanamume au mwanamke. Washairi wa pwani wameijua stara hiyo na kuitumia. Neno "nakupenda" katika shairi halimfichui mpendaji wala mpendwa. Kiingereza hakina stara ya namna hii. Kilipolazimika kuchagua, kilichagua mwanamume, kwa kuwa mwenye silaha alidhaniwa kuwa mwanamume mpaka ithibitike vingine. Na wala ufunuo wenyewe haukuwa wa heshima tupu. Kadiri mchezaji alivyomaliza kwa haraka zaidi ndivyo Samus alivyooneshwa na nguo chache zaidi. Mwanamke aliyewashinda maadui wote peke yake akafanywa tunzo ya aliyemchezesha.

Swali la jinsia ya shujaa lilikuwako kabla ya picha hizo. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichezwa kwa kalamu, karatasi na dadu, na kila mchezaji alijibunia mhusika wake. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, kanuni ziliwawekea wanawake kikomo cha nguvu za mwili kilichokuwa chini ya kile cha wanaume. Basi katika ulimwengu huo mchawi wa kurusha moto kwa vidole alikubalika, joka lenye kusema lilikubalika, ila mwanamke mwenye nguvu kupita kadiri ndiye aliyeonekana hawezekani. Kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la pili, mwaka 1989.

Kompyuta, ajabu, zilikuwa karimu zaidi. Richard Garriott wa Texas alipotoa Ultima III mwaka 1983, programu ilimtaka mchezaji aseme kama mhusika wake ni mwanamume, mwanamke, au mwingine. Jibu lilikuwa herufi moja tu. Ukarimu huo haukugharimu kitu, maana sura ya mtu kwenye kioo wakati ule ilikuwa vidoa vichache, na mengine yote yaliachiwa bongo la mchezaji, kama vile msikilizaji wa utendi anavyoachiwa ajichoree uso wa shujaa.

Katika kumbi za michezo jinsia ilikuja kwa utepe. Mwaka 1982 ilitoka Ms. Pac-Man, iliyobuniwa na vijana wa kampuni moja ya Massachusetts: duara lile lile la njano, sasa lina utepe kichwani na rangi ya midomo. Kilichowasumbua zaidi ni jina. Walianza na lile la mwanamke asiyeolewa, wakakumbuka kwamba katika vichekesho vya katikati ya mchezo wahusika wawili hao wanapata mtoto. Wakafikiria la mke wa mtu, hatimaye wakatua kwenye lile lisilotangaza ndoa. "Bi" ya Kiswahili ingewaondolea udhia wote huo.

Watoto walilipata chaguo hili katika Pokémon Crystal ya mwaka 2000, na tangu hapo mfululizo huo haukuliacha. Lakini gharama kubwa ilikuja na sauti. BioWare, kampuni ya Kanada, ilitoa Mass Effect mwaka 2007, na humo mchezaji aliamua jinsia ya Kamanda Shepard, umbo la uso wake, rangi ya ngozi, hata kovu shavuni. Maneno ya shujaa yalirekodiwa mara mbili, kwa sauti ya Mark Meer na kwa sauti ya Jennifer Hale. Wenzake nao aghalabu walimwita kwa jina la ukoo au kwa cheo, na cheo hakina jinsia. Hivyo maneno yao mengi yalitosha kurekodiwa mara moja.

Kazi ya Hale ilisifiwa sana, ilhali majalada ya mwaka 2007 na 2010 yalibeba uso wa mwanamume. Mwaka 2011 kampuni iliwaita mashabiki wapige kura katika Facebook juu ya sura ya Shepard wa kike. Akashinda mwenye nywele za kimanjano. Zikazuka lawama kwamba kamanda amegeuzwa mshiriki wa mashindano ya urembo, kura ikarudiwa, safari hii juu ya nywele pekee, na nyekundu zikashinda. Mass Effect 3 ilipotoka mwaka 2012, uso wake ulichapwa upande wa ndani wa jalada, kwa mwenye haja ya kuligeuza. Takwimu za kampuni yenyewe za mwaka 2013 zilisema asilimia 18 ya wachezaji walimchagua mwanamke. Katika toleo lililofanywa upya mwaka 2021, walifika asilimia 32. Wafanyabiashara husoma tarakimu kama hizo kuwa ni hukumu ya soko. Zaweza vilevile kusomwa kuwa ni hesabu ya waliomtafuta Shepard wa kike ilhali dukani hawakuoneshwa uso wake.

Mwezi wa Juni 2014, Ubisoft ya Ufaransa ilieleza kwamba Assassin's Creed Unity haitakuwa na mhusika wa kike katika sehemu ya kuchezwa kwa pamoja, kwani mavazi na mijongeo ya mwili ingebidi itengenezwe maradufu. Jonathan Cooper, aliyewahi kushughulikia mijongeo ya mchezo wa awali wa mfululizo huo, alijibu hadharani kwamba ni kazi ya siku moja au mbili. Mchezo wenyewe ulihusu wauaji wa siri katika Mapinduzi ya Ufaransa. Na muuaji mashuhuri kuliko wote wa mapinduzi hayo, aliyemchoma Marat kisu bafuni mwezi wa Julai 1793, alikuwa Charlotte Corday.

Mwaka 2023, katika Baldur's Gate 3, umbo, sauti na kiwakilishi cha mhusika vilitenganishwa, kila kimoja kikachaguliwa peke yake. Kiingereza kilihitaji viwakilishi vitatu. Mfasiri wa Kiswahili angejikuta na vitufe vitatu vyote vimeandikwa "yeye". Taabu yake ingeanzia kwingine, kwa mfano katika Stardew Valley ya mwaka 2016, ambamo mchezaji huchagua kuwa mwanamume au mwanamke, hulima, huvua, kisha hufunga ndoa. Hapo Kiswahili, kilichonyamaza muda wote huo, kingemtaka aseme kama shujaa ameoa au ameolewa.