Feni Iliyozaliwa na Chai

Historia ya feni za viwandani huanzia migodini. Kitabu cha Georgius Agricola kuhusu madini, kilichotoka mwaka 1556, kina michoro ya mapanga ya mbao yakizunguka ndani ya ngoma ili kupeleka hewa shimoni. Mengine yaliongezewa manyoya ya bata bukini. Hata feni kubwa za migodi za karne ya 19 zilikuwa na mapanga machache, marefu na mapana.

Mageuzi, ajabu kidogo, yaliletwa na mkulima wa chai. Samuel Davidson, mtu wa Ireland aliyefanya kazi mashambani India, alitafuta njia bora ya kukausha majani kwa hewa ya moto. Alianzisha kiwanda Belfast mwaka 1881, na mwaka 1898 akapata hataza ya feni ya Sirocco: ngoma iliyo tupu katikati, ukingoni imezungukwa na mapanga mengi, mafupi na membamba kama fito za tenga, yote yamepinda kuelekea inakozunguka. Feni ndogo sasa iliweza kusukuma hewa nyingi bila kuzungushwa kwa kasi kubwa. Titanic ilifungwa feni hizo. Feni ya kiyoyozi cha gari, iliyojificha nyuma ya dashibodi, bado ina umbo hilohilo.