Chumvi ya Uvinza na Mkonge wa Tanga: Safari za Kazi za Waha

Katika nchi nyingine habari za kazi na vita huandikwa kwa kufuata mashimo ya makaa ya mawe, na mji uliokua kando yake. Kwetu Buha, katika Heru, Muhambwe na Buyungu, hapakuwa na mashimo ya namna hiyo. Kilichotolewa katika vilima vyetu ni watu. Kwa hiyo, wasomaji wetu wa Kasulu na Kibondo, atakaye kuijua historia ya kazi ya nchi hii hana budi kuzifuata njia walizopita watu wale.

Njia ya kwanza ilikuwa fupi. Kusini mwetu, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, ziko chemchemi za chumvi za Uvinza. Wataalamu waliochimbua huko katika miaka ya 1960 waliona ya kuwa chumvi imepikwa pale kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000. Kila kiangazi watu wa makabila mengi, na Waha miongoni mwao, walishuka, wakajenga vibanda, wakachemsha maji ya chumvi vyunguni, wakawatolea watawala wa Uvinza ushuru wao, kisha wakarejea makwao. Neno moja twataka msomaji alishike: chumvi iliyobaki baada ya ushuru ilikuwa mali ya yule aliyeipika. Akipenda aliiuza, akipenda alikula na watoto wake.

Wajerumani walipoitwaa nchi, chemchemi zile ziliingia mikononi mwa kampuni ya Kizungu. Kodi ya nyumba nayo iliamriwa tangu 1898, ikafika milimani kwetu baadaye. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka ule ule vita vikaanza. Mwezi wa Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma, na Septemba wakaitwaa Tabora. Majeshi ya siku zile yalikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, waliochukua risasi na vyakula vya watu wengine, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Wabelgiji walikaa Buha hata mwaka 1921, ndipo wakawakabidhi Waingereza.

Kodi haikuondoka pamoja na bendera. Ilitakiwa fedha, nayo mazao ya kuuza yalikuwa machache na masoko mbali. Fedha ilikuwako kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. (Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, na mashamba yote yakatokana na hiyo.)

Basi wanaume walishuka milima kwa miguu mpaka relini, wakapanda gari la moshi. Aliyekwenda Tanga safari yake haikuishia hapo, maana reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Shambani kila mtu alipewa namba, ndiyo asili ya jina la manamba. Alikata majani yenye miiba mikali, akayafunga mafungu ya majani 30 30, na mafungu yakahesabiwa. Kazi ya siku ikitimia, kipande chake kilitiwa alama. Isipotimia, siku ile ilikuwa bure. Mshahara ulilipwa zilipotimia alama 30, na mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Nayo katani iliyotoka mashineni haikuwa yake hata uzi mmoja.

Vikaja vita vya pili. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa vya Java na Sumatra, zilikotoka kamba nyingi za meli. Tangu hapo Uingereza na Marekani zilitegemea sana katani ya Afrika Mashariki. Katika Tanganyika watu waliandikwa kwa nguvu ya sheria kwenda kwenye mkonge na mpira, na wengine walichukuliwa askari, wakafika hata Burma mwaka 1944. Waha wengi hawakungoja kushikwa mkono, kwa kuwa kodi ilikuwa imekwisha kuwashika. Mwaka ule wa 1944 wenye mashamba waliunda chama cha kuwatafuta wafanya kazi, kikaitwa SILABU, na mawakala wake walitafuta watu mpaka magharibi ya nchi.

Twaona ya kuwa wanaosimulia vita hivyo huwasahau wanawake. Mume akiwa Tanga, nani alilima maharage na mahindi, akajenga upya paa lililovuja? Ni yule aliyebaki. Naye hakujua kama mumewe atarudi na nguo na fedha, au ameoa huko, au amezikwa kati ya mistari ya mkonge.

Wengi hawakurudi. Wajukuu zao wako Tanga na Morogoro hata leo, na wengine hawajapata kuviona vilima vya Heru. Reli ya kuunganisha njia ya kati na ile ya Tanga ilifunguliwa mwaka 1963, wakati kazi ya kuandikisha manamba ilipokuwa imekwisha kufifia.