Mafahali Wawili Ndani ya PDP-11: Zamu za Kompyuta ya Berkeley

Mwaka 1974, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley aliyetaka kuutumia mfumo endeshi wa Unix ilimbidi kwanza ahesabu siku. Leo mfumo huo ungekuwa hewani kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Kesho yake ungeanza saa 10 alasiri hadi saa 6 usiku. Siku ya tatu ilikuwa ya wakeshaji: saa 6 usiku hadi saa 2 asubuhi. Saa 16 zilizobaki za kila siku, mashine hiyohiyo ilishikwa na mfumo mwingine, RSTS.

Mashine yenyewe ilikuwa PDP-11/45, iliyotengenezwa na kampuni ya Digital ya Massachusetts. Zama hizo iliitwa kompyuta ndogo, ingawa hakuna ambaye angeweza kuipakata. Ilinunuliwa kwa mchango wa idara tatu: Sayansi ya Kompyuta, Hisabati na Takwimu. Mchango ukazaa mvutano. Watu wa Hisabati na Takwimu walitaka RSTS, mfumo wa Digital wenyewe. Watu wa Sayansi ya Kompyuta walitaka Unix, uliotoka maabara ya Bell huko New Jersey. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mifumo hiyo miwili haikuweza kuishika mashine wakati mmoja: mmoja ulizimwa ndipo mwingine uwashwe. Wakaafikiana kuigawa siku kwa saa 8 kwa kila idara, na ili pasiwe na anayekesha daima, zamu zikawa zinazunguka.

Unix ulifikaje huko? Oktoba 1973, Profesa Bob Fabry wa Berkeley alihudhuria kongamano katika kituo cha utafiti cha IBM huko Yorktown Heights, New York, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie waliwasilisha mada ya kwanza kuhusu mfumo wao. Chuoni kwake kulikuwa na kompyuta kubwa tu za mtindo wa foleni: unakabidhi kazi yako, unaondoka, unarudi baadaye kuchukua majibu. Unix ulimruhusu mtu kukaa mbele ya terminali na kujibiwa papo hapo, huku wenzake nao wakijibiwa kwenye mashine hiyohiyo. Fabry aliutaka. Januari 1974 mkanda wa sumaku wenye toleo la 4 ulifika, na mwanafunzi wa uzamili, Keith Standiford, akausimika.

Hadi wakati huo, sehemu nyingi zilizopokea Unix zilisimikiwa kwa msaada wa Thompson. Berkeley walijifanyia wenyewe, na punde mashine ikaanza kuanguka bila sababu ya wazi. Modemu yao ilikuwa ya baudi 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde, na haikuweza kujipokelea simu. Basi Thompson alipiga simu kutoka New Jersey, Standiford akaipokea ndani ya chumba cha mashine, kisha akauchomeka mkono wa simu kwenye modemu. Kupitia simu hiyo Thompson alisoma, kutoka upande wa pili wa Marekani, yale yaliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine baada ya kila anguko. Kila ninapoifikiria picha hiyo ninawavulia kofia wote wawili.

Mkosaji alipatikana. Kitabu cha maelezo kilisema kwamba kidhibiti cha diski kinaweza kuziamuru diski mbili zisogeze vichwa vyake vya kusomea kwa pamoja. Hakikuweza kuifanya kazi hiyo kwa uhakika. Mfumo uliamini kitabu, ukaanguka. Thompson mwenyewe alikuwa hajakutana na mashine nyingi zenye diski mbili chini ya kidhibiti kimoja, kwa hiyo hitilafu hiyo haikuwa imejitokeza kwake.

Kwa nini watu wahangaike hivyo? AT&T, iliyomiliki maabara ya Bell, ilifungwa na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya simu. Iliwapa wasomi Unix pamoja na msimbo wake, lakini bila ahadi ya kuwasaidia. Aliyekwama alijikwamua, na nyenzo alikuwa nazo: kiini cha toleo la 6 kilikuwa na mistari kama 9,000 tu, mingi yake kwa lugha ya C. Mtu mmoja mwenye subira aliweza kuisoma yote. Mimi naona hapo ndipo ilipo siri ya Unix kuenea.

Zamu zile hazikudumu. Kundi la Michael Stonebraker na Eugene Wong, waliojenga hifadhidata ya INGRES, walichoshwa na uhaba wa saa, wakanunua PDP-11/40 yao mwaka huohuo wa 1974 na kuiwekea toleo la 5. Fedha zilizotafutwa kwa ajili ya PDP-11/45 mbili nyingine ziliunganishwa kununua PDP-11/70 moja, iliyofika mwishoni mwa 1975. Thompson alikuwa amerudi Berkeley, alikosomea, kufundisha kwa mwaka mmoja. Akishirikiana na Jeff Schriebman na Bob Kridle, aliiwasha mashine hiyo kwa toleo la 6.

Alipoondoka mwaka 1976, wanafunzi wawili, Bill Joy na Chuck Haley, walianza kukigusa kiini chenyewe chini ya uangalizi wa Schriebman. Mapema mwaka 1977 Joy alikusanya kazi zao, ikiwemo Pascal na kihariri kilichoitwa ex, akaziweka kwenye mkanda alioupa jina la Berkeley Software Distribution, yaani BSD. Zilitoka nakala kama 30. Leo msimbo uliotokana na BSD umo ndani ya kila iPhone.