Sura ya Mwisho Iliyokosekana: Hadithi ya Uhalifu ya Nairobi na Tatizo la Tamati

UTANGULIZI

Kila mtunzi wa hadithi ya uhalifu huingia katika mkataba na hadhira yake. Katika kurasa za mwanzo humwonyesha msomaji maiti, au benki iliyovunjwa, na kumwahidi kwamba kabla ya kitabu kufungwa atajua ni nani aliyetenda na kwa nini. Deni hilo hulipwa mwishoni tu. Ndiyo maana tamati hubeba mzigo mkubwa zaidi katika utanzu huu kuliko katika tanzu nyingine nyingi. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walinung'unika hata mwandishi akalazimika kumrejesha. Agatha Christie aliuhifadhi kwa miaka mingi mswada wa Curtain, riwaya inayomaliza maisha ya Hercule Poirot. Ilipotoka mwaka 1975 ilimwonyesha mpelelezi mwenyewe akiwa na damu mikononi. Tamthilia za televisheni zimelirithi tatizo hilo hilo. Msimu wa 8 wa Dexter, tamthilia ya Marekani kuhusu mtaalamu wa polisi ambaye kwa siri ni muuaji, ulimalizika mwaka 2013 huku mhusika mkuu hajahukumiwa wala hajafa. Watazamaji wengi walihisi kwamba wamedhulumiwa, na mwaka 2021 hadithi hiyo ikafunguliwa upya.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika jiji la Nairobi tatizo la tamati lina historia yake mahususi, na kwamba historia hiyo haiwezi kuelezwa kwa kutazama ufundi wa watunzi peke yake. Mitaa ya Kibera na Kawangware, pamoja na Kongo iliyo sehemu ya Kawangware, itatumiwa kama kielelezo, kwa kuwa ni katika mitaa ya aina hiyo ndimo hadithi za uhalifu za Nairobi hupenda kuwatafuta wahalifu wake.

URITHI WA BWANA MSA

Katika fasihi ya Kiswahili utanzu huu ulianza kwa tamati kamilifu. Riwaya ya Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, si askari. Silaha yake ni hoja. Fumbo huhusu ukoo, mali na siri za nyumba, na mwishoni kila uzi huunganishwa na mwenziwe mbele ya wahusika. Mfululizo huo ulifikia Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Wahakiki wengi wa miaka ya 1970 na 1980, hasa waliofuata mkabala wa kijamaa, waliziweka riwaya za upelelezi katika kapu la riwaya pendwa na kuzishutumu kuwa zaburudisha bila kuamsha. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli wake, lakini iliruka swali la msingi: ni jamii ya namna gani inayoweza kusadiki kwamba kila fumbo lina ufumbuzi? Bwana Msa anasadikika kwa sababu anaishi miongoni mwa watu wanaojuana. Anayeijua nasaba ya mtu anajua pia njia ya kuifikia siri yake. Jiji kubwa la wahamiaji halina nasaba ya namna hiyo. Aidha, Kenya ilikuwa na sababu nyingine ya kutilia shaka ufumbuzi.

MAFUMBO YA TAIFA

Mwezi Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Kamati teule ya bunge ilichunguza na kutoa ripoti mwaka huo huo, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mwezi Februari 1990 aliuawa Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje. Safari hii aliitwa mpelelezi kutoka Scotland Yard, taasisi ile ile ambayo hadithi za Kiingereza zimewazoesha wasomaji kuitegemea. Iliundwa pia tume ya uchunguzi, nayo ikavunjwa na Rais Moi mwezi Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Kwa lugha ya uhakiki, raia wa Kenya walipewa utangulizi, taharuki, mashahidi na mpelelezi, kisha sura ya mwisho ikaondolewa kitabuni.

Si ajabu, basi, kwamba katika hadithi za Nairobi mpelelezi hakuota mizizi. Katika televisheni alifika akiwa kichekesho. Vioja Mahakamani iliufanya uwanja wa sheria kuwa jukwaa la mzaha kwa miongo kadhaa, na baadaye Inspekta Mwala ikakifanya vivyo hivyo kituo cha polisi. Katika vichekesho hivi shauri humalizika kwa nusu saa, lakini mtazamaji hucheka kwa sababu anajua kwamba nje ya kioo cha televisheni haliishi hivyo.

MHALIFU ASHIKA KALAMU

Mwaka ule ule wa 1984 uliomletea msomaji Kosa la Bwana Msa, ilitoka Nairobi My Life in Crime ya John Kiriamiti, iliyoandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyekuwa akitumikia kifungo cha wizi wa mabavu. Hapa mkataba wa awali umepinduliwa. Msomaji anajua tangu mwanzo ni nani aliyetenda, kwa kuwa mtendaji ndiye msimulizi. Swali lililobaki ni la kinafsi: kijana huyu alifikaje hapo, na ni nini kinachomrudisha katika wizi kila anapopata nafasi ya kuuacha?

Hukumu ya mahakama inakifunga kitabu hicho, lakini haiifungi hadithi. Mwaka 1989 ilifuata My Life with a Criminal, ambamo usimulizi umekabidhiwa Milly, mpenzi wa Jack Zollo. Swali lake halimo katika kanuni za adhabu: mtu afanyeje anapogundua kwamba amempenda asiyemjua? Mwaka 2004 ikaja My Life in Prison, inayomfuata mfungwa baada ya lango kufungwa. Kila sehemu, kwa hiyo, inakifungua upya kile ambacho sehemu iliyotangulia ilidai kukifunga. Kibiashara, huko ni kurefusha mfululizo uliopendwa. Lakini pia ni kukiri kwamba hukumu hujibu swali la nani, na huliacha swali la kwa nini likiwa wazi.

KIBERA NA KONGO KATIKA PICHA

Filamu ilipoupokea utanzu huu, mtaa wenyewe uligeuzwa mtuhumiwa. Paa za mabati na reli inayopita Kibera zimekuwa nembo. Zikionyeshwa, mtazamaji wa mbali hutarajia kisu. Nembo hiyo huficha historia. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, juu ya ardhi ambayo serikali ilikataa kwa miongo mingi kuwamilikisha. Hati ya ekari 288 ilitolewa kwa jamii hiyo mwaka 2017. Hata hesabu ya wakazi imekuwa mzozo wa masimulizi: wakati wengi walizoea kutaja watu milioni moja, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban 170,000. Kawangware ina asili tofauti. Iko upande wa Dagoretti, ambako viwanja vingi ni mali ya watu binafsi, na imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri. Mkazi wa Kongo anaweza kwenda kazini Lavington kwa miguu na kurudi jioni. Kamera inayoitafuta giza tu haiwezi kuuona mwendo huo wa kila siku, ambao ndio maisha ya walio wengi.

Nairobi Half Life ya David Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inajitahidi kuuona. Mwas anatoka kijijini akitamani kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anatiwa korokoroni, na huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, usiku anaiba. Tamati yake yastahili kuangaliwa kwa makini. Wenzake wanauawa kwa risasi za polisi, bila shitaka wala hakimu. Mwas ananusurika na kufika jukwaani kuigiza mbele ya hadhira isiyojua alikotoka. Makofi yanapigwa, lakini mtazamaji wa filamu hana raha ya kupiga makofi, kwa kuwa yeye amekwisha kuiona maiti.

RISASI KAMA NUKTA

Hapa ndipo swali la kifani linapokuwa swali la haki. Katika tamthilia nyingi za uhalifu risasi ya askari huwa nukta: mhalifu ameanguka, sentensi imekwisha. Kwa hadhira ya Kibera na Kawangware nukta hiyo ina maana nyingine. Ripoti ya kituo cha haki za kijamii cha Mathare ya mwaka 2017 ilikusanya habari za vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani. Mtu asiyeshitakiwa hafi akiwa mhalifu aliyethibitishwa. Hufa akiwa fumbo, na mama yake hubaki na fumbo hilo.

Ipo pia tamati iliyokamilika. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva Joseph Muiruri waliuawa mwezi Juni 2016. Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa wanne, watatu kati yao maofisa wa polisi, mwezi Julai 2022, na adhabu zikatolewa mwaka 2023. Sura ya mwisho iliandikika, ila ilihitaji miaka 6. Tamthilia ya Crime and Justice, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021 huku ikichota visa vyake katika habari za magazeti, ilimrejesha mpelelezi asiye kichekesho katika televisheni ya Nairobi. Jitihada hiyo ni ya kupongezwa. Lakini shauri linalofumbuliwa katika kipindi kimoja humfariji mtazamaji kwa kasi ambayo mahakama hazijapata kuwa nayo.

HITIMISHO

Fanani wa ngano huimaliza hadithi yake kwa kutamka kwamba imeishia hapo, na hadhira hukubali kwa kuwa zimwi la ngano halikai nyumba ya pili. Mtunzi wa hadithi ya uhalifu ya Nairobi hana ruhusa hiyo. Watu wake wanaendelea kuishi baada ya jina la mwigizaji wa mwisho kupita kwenye kioo. Mhakiki anayeupima msimu wa mwisho wa tamthilia ya namna hii asitosheke, basi, na kuuliza kama ulimshangaza. Na aulize ni nani aliyepewa nafasi ya kujitetea kabla ya risasi, ni nani aliyebaki na maiti, na kama tamati imelilipa deni la mwanzo au imemfundisha mdai kulisahau.