Waliokula Hawakuandika

Ukitaka kumtisha mama ntilie wa Kariakoo, usimwoneshe kisu. Toa daftari. Mimi naishi kwa daftari: ni mwandishi wa kujitegemea, naandika mambo ya vyakula na vinywaji, nalipwa kwa makala, na makala isipotoka basi ngawira hakuna. Nimekalia mabenchi mengi kati ya Mtaa wa Kongo na Gerezani, na kila nikianza kuandika bei ya wali maharage swali huwa lile lile: "Wewe ni wa Jiji?" Anayeuliza ameshika upawa kwa mkono mmoja, na wa pili umeshaanza kufunika sufuria.

Zamani nilidhani ni woga wa mgambo tu. Siku hizi naona ni swali la mtu anayeijua historia kuliko mimi niliyesoma vitabu. Maana kwa muda mrefu sana, chakula cha mtu wa Kariakoo kiliandikwa na yule aliyetaka kukipima, kukigawa au kukipiga marufuku. Aliyekula hakuandika. Aliyepika ndiyo kabisa.

Anza na jina lenyewe. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakiwafukuza Wajerumani, na mahali hapa wakapafanya kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukaichonga ikawa Kariakoo. Sasa, hao wapagazi walikuwa wanabeba nini? Risasi, ndiyo, na vifaa. Lakini mzigo uliowamaliza ulikuwa chakula. Jeshi lilipigana porini kusiko na reli wala gari, kila ratili ya unga ilipanda kichwani mwa mtu, na mtu huyo naye alipaswa kula njiani, hivyo safari ikiwa ndefu mizigo ilipungua kabla ya kumfikia askari. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, akaupika haraka haraka kwa kuni mbichi, akaula nusu mbichi, tumbo likamkataa.

Waliyaandika haya maofisa, kwa sababu posho ilikuwa hesabu: ratili ngapi, watu wangapi, siku ngapi. Neno posho limebaki nasi, ila limepanda cheo, siku hizi linaliwa kwenye semina. Mwaka 1927 mjini pakasimamishwa sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ana bunduki. Mpagazi hakupata sanamu. Alipata soko, maana baada ya vita pale kambini pakawa mahali pa kuuzia vyakula, na jina halikubadilika.

Mji wenyewe ulikatwa vipande vitatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama ukuta usio na matofali. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia chakula kilipokuwa adimu, serikali iligawa kwa mgao, na mgao ukafuata rangi. Karatasi ziliamua nani ni mla wali na nani ni mla unga. Hebu mfikirie Mzaramo au Mshomvi wa pwani, ambaye babu zake walipikiwa wali wa nazi harusini, anaambiwa dirishani kwamba chakula chake cha asili ni mahindi. Mahindi yenyewe asili yake Amerika! James Brennan, katika kitabu chake Taifa cha 2012, anaonesha jinsi mambo kama haya yalivyosaidia kuwajenga watu wa mji huu wajione ni Waafrika na Wahindi. Mimi si mwanahistoria wa kulipwa, lakini hapo namwelewa haraka. Mtu anaweza kusamehe kodi. Kupangiwa sahani ni kitu kingine.

Kuna mmoja wetu aliyeandika mapema. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903, ni kazi yake, ingawa jina lililotangulia ni la Mjerumani Carl Velten. Mle humo mna harusi, ngoma, matanga, mambo ya watu waliokuwa wanaishi kweli, yamesemwa na mtu aliyekaa jamvini akala. Hakuwa anapima ratili za mtu. Lakini angalieni kilichompata. Alioa Mjerumani, na mwaka 1905 walipojaribu kurudi kwao Afrika ya Mashariki hawakuruhusiwa kushuka nchini. Kazi ya ualimu ikamponyoka, akarudi Ujerumani, na baadaye akawa anazunguka akitoa mihadhara ili apate mkate. Alikufa Berlin mwaka 1927. Kila nikichelewa kulipwa namkumbuka mzee huyu: wa kujitegemea kabla ya neno kuwepo.

Baada yake, ukimya mrefu kuhusu chungu. Hata historia ya uhuru, tunayoijua kwa mikutano, ina jiko ndani yake ambalo tunalipita mbio. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mwaka uliofuata mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Akasimamishwa Bibi Titi Mohamed. Yeye na wenzake walipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe, kwa wauza vitumbua na maandazi. Susan Geiger, aliyewahoji akina mama hao, alionesha kwamba wauzaji hawa wadogo ndio waliojaza kadi za chama. Nami nina akili ya tumbo, nasema: ni wazi. Mwanamke aliyekuwa na shilingi yake mwenyewe kutokana na kitumbua hakuhitaji kumwomba mume hela ya kadi.

Uhuru ulileta watu wengine wa daftari. Shirika la Usagishaji la Taifa lilianzishwa mwaka 1968, na unga ukawa jambo la serikali. Ukaja ukame wa 1973 na 1974, nchi ikaagiza nafaka nje, na mjini ukaingia unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Wazazi wetu wakauita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Washabiki wa Simba waliula hivyo hivyo, jamani, njaa haina timu. Muulize mtu mzima yeyote wa Bongo kuhusu ugali ule, utamwona anakunja uso kwanza ndipo anacheka. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo hakuna ofisa aliyeiweka kwenye jalada.

Mwaka 1975 likafunguliwa soko kubwa la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa ili ikinge mvua. Jengo zuri, nasimama hapo. Lakini ndani yake kulikuwa na vyakula vibichi, na mfanyakazi wa mjini alihitaji kilichoiva. Kufikia miaka ya 1980 mshahara wa mwezi haukumaliza mwezi. Sukari foleni, mafuta foleni, sabuni foleni. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo Nguvu Kazi, ambapo wasio na kazi ya kutambulika walisombwa kupelekwa vijijini. Mama anayekaanga mihogo alikuwa na kazi tangu saa kumi alfajiri, ila haikutambulika.

Hapo ndipo alipokua mama ntilie. Jina lake halikutoka ofisini, limetoka kwa mwenye njaa: "Mama, nitilie." Ndani ya neno moja umeupata mwiko, sahani na mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Ofisi baadaye ikamtafutia jina la heshima, mama lishe, na sina ugomvi nalo, ila halina mate mdomoni. Na majina ya heshima hayakuzuia vibanda kuondolewa barabarani mwaka 2006, na tena 2021, mwaka ule ule ambao soko la Amuli liliungua usiku wa tarehe 10 Julai.

Sasa nyie mnaotaka kuingia kwenye kazi hii. Mhariri mmoja, gazeti silitaji, aliwahi kuniambia chakula ni ukurasa wa akina mama: lete mapishi ya Ramadhani, picha moja, maneno mia tatu. Nilipeleka, maana kodi ya chumba haijali falsafa. Lakini mapishi bila mpishi ni karatasi ya dawa. Andikeni nani anapika, nazi kainunua wapi, mkaa umepanda kiasi gani, nani anakula kwa mkopo. Semeni na tarehe. Na kabla ya kutoa daftari, kuleni kwanza, lipeni, rudisheni sahani. Mara ya tatu mama hafuniki sufuria.

Nami nina deni langu bado. Chipsi mayai, zege letu hili la usiku, linaliwa kutoka Kariakoo mpaka Mwenge kana kwamba Nabii Adamu alilikuta, na kila kijiwe kina mtu anayeapa kwamba liliumiziwa mtaani kwake. Nimeshawahoji wakaanga viazi kumi na mmoja. Wanne wanataja Msimbazi, na wawili kati ya hao hawasalimiani.